Mwanangu anataka kusoma falsafa, mjomba wake amekataa kulipa: nimruhusu?

«Jambo Mwalimu. Mimi ni mama mjane, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, nauza vitambaa soko la mtaa wa Kenya. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 19. Mwaka huu amepata diploma ya serikali, tawi la Latini-Filosofia, kwa asilimia nzuri, na anataka kuingia Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, asome filozofia. Kaka yangu ndiye anayetulipia masomo. Anasema hatatoa hata franka moja: "Filozofia inalisha nani? Asome mambo ya migodi ama sheria, la sivyo abaki." Kusema kweli hata mimi naogopa. Tangu mwalimu wake wa darasa la mwisho amwonjeshe Socrates na Plato, mtoto anabishana na kila mtu. Juzi alimuuliza mchungaji wetu maswali mbele ya watu mpaka nikaona haya. Wengine wananiambia vitabu hivyo vya Wazungu wa kale vitamtoa kwa Mungu. Mwalimu, katika dunia hii ya kompyuta na kobalti, masomo hayo yana kazi gani? Nimruhusu au nimkatalie?»

Jambo Mama. Barua yako ina hofu zaidi ya moja, na kila moja inastahili jibu lake. Unaogopa kijana atakosa mkate. Unaogopa ulimi wake umekuwa mkali. Unaogopa atapoteza imani. Na chini ya hayo yote umeuliza swali la haki kabisa: watu waliokufa Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita wana nini cha kumfundisha kijana wa Katuba? Niseme mapema pia kwamba mjomba si adui katika jambo hili. Anayelipa minervali, yaani ada ya masomo, ana haki ya kujua fedha zake zinaenda wapi, na swali lake nitalijibu bila kulizunguka. Lakini nianze na ubishi, kwa sababu huo ndio mnaolala nao nyumba moja.

Plato mwenyewe aliulalamikia. Katika kitabu cha saba cha maandishi yake yaitwayo Jamhuri anamfanya Socrates aseme kwamba vijana wanapoonja mara ya kwanza ufundi wa kuhojiana, wanaugeuza kuwa mchezo. Wanawaiga wale waliowashinda, kisha wanatafuta wa kuwashinda wao, wakifurahi kama watoto wa mbwa kumvuta na kumrarua kwa maneno kila anayewakaribia. Baada ya kuwashinda wengi na kushindwa na wengi, wanaangukia upesi kutoamini tena chochote walichokiamini zamani, na mwishowe wao wenyewe na falsafa nzima wanapata jina baya mbele za watu. Kwa sababu hiyo Plato alitaka hata vijana bora waliochaguliwa kuja kuongoza mji wasifundishwe kuhojiana kabla ya kufika miaka 30. Socrates naye, aliposimama mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 K.K., alieleza kwamba vijana waliokuwa wakimfuata walizoea kwenda kuwahoji watu kwa kumuiga, na waliohojiwa wakamkasirikia yeye badala ya kujikasirikia wenyewe. Kwa hiyo aibu uliyoipata mbele ya mchungaji ina umri mrefu, na walioiandika kwanza ni wale wale anaowasoma mwanao.

Sababu yake inaeleweka. Kuhoji kuna nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuvunja: unamuuliza mtu haki ni nini, au ujasiri ni nini, au kumcha Mungu ni nini, anajibu kwa uhakika, kisha unamwonyesha kwamba jibu lake la kwanza linagongana na la pili. Kijana mwenye akili anaijua nusu hii ndani ya wiki chache, na inampa nguvu ambayo hajawahi kuwa nayo mbele ya wakubwa. Nusu ya pili ni kujenga, yaani kutafuta jibu linalobaki limesimama baada ya kuhojiwa pande zote. Hiyo inachukua miaka na inahitaji mtu aliyeishi. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alisema wazi, mwanzoni mwa mafundisho yake ya maadili, kwamba kijana si msikilizaji anayefaa kwa masomo ya namna hiyo, kwa kuwa bado hana uzoefu wa mambo ambayo hoja zinatoka humo, na tena anafuata hisia zake. Mwanao ameshapata nusu ya kwanza. Amesimama katikati ya njia, na hapo katikati ndipo mahali pabaya pa kumwacha. Ukimkatalia leo, ule ubishi hautatoka. Kitakachomkosa ni ile nusu iliyobaki, ambayo ingeutuliza.

Nyumbani unaweza kuanza kumsaidia hata wewe usiyesoma vitabu hivyo. Mpe sharti kwamba kabla ya kupinga neno la mtu, alirudie kwa maneno yake mpaka mwenye neno akubali: ndiyo, ndivyo nilivyosema. Utashangaa mabishano mangapi yatakufa hapo. Na akishamaliza kuvunja, mgeuzie: wewe wasemaje? Akijibu, muulize tena. Umelea watoto peke yako na umekaa sokoni na wateja wa kila aina, unajua mambo ya watu kuliko yeye, na maswali yako yatamfikisha mahali mwalimu wake hakumfikisha. Kuhusu kuwahoji wakubwa hadharani, mwambie asome Aristotle mpaka mwisho. Katika kitabu chake cha kufundisha majadiliano anasema si kila swali linastahili mjadala: anayeuliza kama inafaa kuiheshimu miungu na kuwapenda wazazi anahitaji adhabu, na anayeuliza kama theluji ni nyeupe anahitaji kutumia macho yake. Maswali kwa mchungaji ni halali. Ayapeleke nyumbani kwake, baada ya ibada, na akae asikilize jibu.

Sasa faida. Watu wengi, wakiwemo walimu, wanadhani kusoma falsafa ya kale ni kukariri majina na maneno makubwa: Plato alisema hivi, Aristotle akapinga vile, andika katika daftari. Kama ndivyo ingekuwa, ningekuwa upande wa mjomba. Acha nikuonyeshe kwa mfano mmoja jinsi inavyofanya kazi inapofundishwa vizuri.

Katika mazungumzo yanayoitwa Meno, Socrates anamwita mtumwa kijana ambaye hajasoma hesabu. Anamchorea mraba chini na kumuuliza: nikitaka mraba mwingine wenye ukubwa mara mbili ya huu, ubavu wake uwe na urefu gani? Kijana anajibu bila kusita: mara mbili. Jaribu swali hilo mtaani kwenu. Mtu ana parsele, yaani kiwanja, ya mita 20 kwa 20, anataka nyingine ya mraba yenye eneo mara mbili. Wengi watasema mita 40 kwa 40. Lakini 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, na 40 kwa 40 ni 1,600. Hiyo ni mara nne, na aliyenunua kwa hesabu ile ataumia. Socrates hamwambii kijana kwamba amekosea. Anamuuliza, anachora, kijana anaona mwenyewe. Anajaribu jibu la pili, urefu wa katikati, nalo linakataa. Kijana anasema: kweli sijui.

Hapo Socrates anasimama na kumgeukia Meno, bwana wa kijana. Meno alikuwa amelalamika kwamba kuzungumza na Socrates ni kama kuguswa na yule samaki wa baharini anayetia ganzi. Socrates anamuuliza: je, tumemdhuru kijana huyu kwa kumtia ganzi? Mwanzo alikuwa tayari kusimama mbele ya umati na kutangaza kosa lake kwa ujasiri. Sasa hajui, na anajua kwamba hajui, na kwa hiyo anatafuta. Kisha anaendelea kumhoji mpaka kijana anaufikia ubavu unaotakiwa: ni ule mstari unaokata mraba wa kwanza kutoka pembe hadi pembe. Kwa parsele yetu ni mita 28 na kitu, na eneo ni 800 kamili.

Nimekaa juu ya hadithi hii kwa sababu kila kitu kimo humo. Kabla mtu hajajifunza jambo jipya, lazima kwanza jibu lake la zamani lilegee mikononi mwake. Shule zetu zinaruka hatua hiyo. Mwalimu anaandika kanuni ubaoni, mtoto ananakili, mtihani unapita, na lile jibu la zamani linabaki kichwani kama lilivyokuwa, likisubiri siku ya kununua parsele. Anayefundishwa kuhojiwa, na kujihoji, anaondoka na kitu anachoweza kukitumia katika hesabu, katika udaktari, katika hukumu, hata sokoni.

Mantiki ni tawi la pili la faida hiyo. Aristotle ndiye wa kwanza tunayemjua aliyekaa akaorodhesha, kwa utaratibu, ni hoja zipi zinafuata na zipi zinaonekana tu kufuata. Mfano wake mmoja: mvua ikinyesha ardhi hulowa, kwa hiyo watu wakiona ardhi imelowa hudhani mvua imenyesha. Hapa mjini tunajua bomba la maji linaweza kupasuka. Kosa linaonekana dogo mpaka ulipeleke mahali pengine: mwenye malaria hupata homa, mtoto ana homa, basi ana malaria, apewe dawa. Mtoto mwenye homa ya matumbo amecheleweshwa kwa hoja hiyo hiyo. Muuguzi mzuri hukataa kuruka hapo, anasema tupime kwanza damu, na hilo ndilo Aristotle alilokuwa akifundisha. Umeuliza pia kuhusu kompyuta. Mwaka 1854 Mwingereza George Boole aliichukua mantiki ile ya kale na kuiandika kwa alama za hesabu, na juu ya hesabu yake ya ndiyo na hapana ndipo mashine za leo zilipojengwa. Sisemi kwamba kusoma Aristotle kutamfanya mwanao fundi wa kompyuta. Hakutamfanya.

Na kobalti? Hapo mjomba anadhani falsafa haina la kusema, na hapo ndipo ninapopingana naye kwa nguvu zaidi. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha unaolipwa na kampuni za migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mhandisi anaweza kukuambia ni tani ngapi zimetoka. Mhasibu atakuambia ni dola ngapi. Lakini kwa nini 15 kwa watu ambao vumbi na maji machafu yanawafikia wao, na si 30? Kwa nini mtoto ambaye hajazaliwa adaiwe sehemu, na kwa nini iwe sehemu ya kumi? Maswali hayo hayamo katika kitabu cha uhandisi. Aristotle aliyafikia katika kitabu cha tano cha maadili yake: watu wote, anasema, wanakubaliana kwamba mgawanyo wa haki ni ule unaompa kila mtu kwa kadiri ya anachostahili, lakini hawakubaliani kustahili kunatokana na nini. Wengine wanasema kuwa raia huru kunatosha, wengine wanasema mali au ukoo, wengine wema na uwezo. Sikiliza mkutano wowote wa wachimbaji, wakuu wa vijiji na kampuni huko Kolwezi au Likasi, utasikia sauti hizo zote, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwizi, kumbe kila mmoja amesimama juu ya kipimo tofauti. Mtu anayeweza kusimama katikati na kusema «ninyi mnapima kwa hiki, na hawa wanapima kwa kile, tuanze hapo» ni mtu ambaye jimbo letu linamhitaji vibaya sana.

Kuhusu imani, sitaki kukutuliza kwa maneno matupu. Nitakuelezea habari ya mama mwingine. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alipokuwa katika mwaka wake wa 19, anaandika mwenyewe katika Maungamo, baba yake alikuwa amekwisha kufa miaka miwili, na fedha za masomo zilitoka kwa mama yake, Monika. Alikuwa Karthago akisoma ufasaha wa kusema ili aje kung'aa mahakamani, kazi yenye fedha. Katika ratiba ya kawaida akafika kwenye kitabu cha Cicero, mwandishi Mroma wa kale, kinachowahimiza watu kupenda hekima, na kitabu hicho, anasema, kiligeuza sala zake na tamaa zake. Je, kilimpeleka moja kwa moja kanisani? Hapana. Aliingia kwa Wamani, dhehebu lililodai kueleza kila kitu kwa akili tupu, akakaa nao karibu miaka tisa, na Monika alilia miaka yote hiyo.

Lakini tazama kilichomtoa huko. Wamani walifundisha mambo mengi kuhusu jua, mwezi na nyota. Augustino alikuwa amesoma wanafalsafa waliokokotoa kupatwa kwa jua miaka mingi mbele, na kukatokea kama walivyosema. Akaweka mafundisho mawili pembeni kwa pembeni, akaona ya Wamani hayasimami. Akamsubiri mwalimu wao mkuu, Faustus, amjibu. Faustus alikuja, alizungumza kwa utamu, na hakuweza kujibu. Kuanzia siku hizo akaanza kujitenga nao, na mwaka 387 alibatizwa Milano. Wakatoliki wanamwita mtakatifu, na Luther, ambaye Waprotestanti wengi wanahesabu mwanzo wao kwake, alikuwa mtawa wa shirika lililochukua jina la Augustino. Kwa hiyo ni kweli kwamba maswali yanaweza kumtoa kijana mahali alipolelewa. Ni kweli pia kwamba asiyejua kuuliza ndiye anayenaswa kwa urahisi na kila nabii wa wiki hii, na mji wetu unao wengi. Kati ya hatari hizo mbili mimi naogopa zaidi ya pili.

Wanaosema ni mambo ya Wazungu nitawajibu kwa ufupi, ingawa ningeweza kukaa hapo siku nzima. Augustino alikuwa mtoto wa Afrika ya Kaskazini. Sehemu ya maandishi ya Aristotle iliwafikia wasomi wa Ulaya ya zama za kati kwa mikono ya Waarabu, pamoja na maelezo ya Ibn Rushd aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126 na kufia Marrakesh. Na ubishi mkubwa wa karne iliyopita kuhusu falsafa ya Waafrika ulianzia katika mji huu tunaokaa: mwaka 1945, hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ulivyoitwa wakati ule, kilichapwa kwa Kifaransa kitabu cha Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyefanya kazi kati ya Waluba wa Katanga, akidai kwamba Wabantu wana falsafa yao. Padri Alexis Kagame wa Rwanda akalipima jambo hilo mwaka 1956 kwa kutumia makundi ambayo Aristotle aliyagawia vitu vyote vilivyopo. Paulin Hountondji wa Benin akaja kupinga, akisema imani za pamoja za kabila bado si falsafa mpaka mtu mwenye jina asimame atoe hoja na kuhojiwa. Huwezi kuingia katika ubishi huo, kwa upande wowote, bila kuwajua Wagiriki. V. Y. Mudimbe aliwajua. Alizaliwa Likasi mwaka 1941, akasoma Kigiriki na Kilatini kwa kina, akafundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970 kabla ya kwenda Marekani, na hadi kifo chake mwaka 2025 alikuwa mmoja wa watu waliochunguza kwa ukali zaidi namna Ulaya ilivyojitengenezea picha yake ya Afrika, kuanzia waandishi wa Ugiriki ya kale. Chombo walichodai ni cha kwao aliwageuzia.

Fikra kwamba falsafa ni kazi ya mapadri nayo ina historia. Kabla ya chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kuanzishwa mwaka 1954 na chuo cha hapa mwaka 1955, Mkongomani aliyetaka masomo ya juu nchini hakuwa na mlango mwingi zaidi ya seminari, na mseminari huanza na falsafa kabla ya teolojia. Mlango ule ulifunguka zamani.

Sasa fedha, na hapa namwelekea mjomba. Ana haki katika sehemu kubwa ya anachosema. Lisensi ya falsafa peke yake, hapa kwetu, kwanza kabisa inampeleka mtu kufundisha sekondari, na sote tunajua mshahara wa mwalimu ni mdogo na unavyochelewa. Wengine wanaingia uandishi wa habari, mashirika ya kiraia, kazi za kanisa, siasa. Wanaopata nafasi nzuri ni wale waliokuwa na kitu cha pili mkononi: lugha, takwimu, kompyuta, uandishi uliokomaa. Niongeze jambo ambalo waalimu wenzangu hawapendi lisemwe. Mara nyingi falsafa inafundishwa vibaya. Profesa anasoma, wanafunzi wanaandika, silabu, yaani maelezo ya somo yaliyochapwa, inauzwa, mtihani unauliza kilichomo katika silabu. Plato aliliona hili pia: maneno yaliyoandikwa, ukiyauliza swali, yananyamaza kwa heshima kubwa, na anayeyategemea hupata sura ya hekima bila hekima. Leo kijana anaweza kuongeza simu juu ya silabu na kupita miaka yote mitatu ya lisensi bila kutoa hoja hata moja iliyo yake. Akisoma falsafa ya namna hiyo, mjomba atakuwa ametupa fedha, na nitakuwa wa kwanza kumwambia.

Kwa migodi, sikushauri. Kijana aliyetoka Latini-Filosofia atakuta hisabati na fizikia zinamsubiri mlangoni, na kumsukuma huko kwa sababu ya jina la kobalti ni kumtafutia kushindwa kwa gharama kubwa. Sheria ni jambo tofauti. Kilatini chake kitamsaidia, kuhoji ndiyo kazi yenyewe, na falsafa ya sheria ni somo linalofundishwa humo. Kama kuna wadogo zake wanaosubiri na mfuko ni mmoja, basi sheria, huku akiendelea kuwasoma Wagiriki wake kwa dhati, ni uamuzi wa heshima, na asiuone kuwa kifungo. Lakini kama mjomba ana uwezo wa kubeba miaka mitatu, mimi ningemlipia falsafa kwa masharti ya wazi: asome pamoja nayo Kiingereza au takwimu, afaulu kila mwaka bila kurudia, na akifika mwaka wa tatu awe ameanza kufundisha au kuandika mahali fulani. Mwaka wa kwanza utawaonyesha mengi. Anayeipenda kweli utamkuta na kitabu cha Plato chenyewe, si muhtasari wake, na utamwona anaandika, anafuta, anaandika tena. Anayependa kuonekana msomi atakuwa na majina mengi mdomoni na daftari safi.

Kabla ya kuamua, mpe kazi moja. Aandike kurasa mbili kumtetea mjomba: hoja zote za kutosoma falsafa, kwa nguvu zote, kana kwamba ni zake. Mjomba azisome. Akisema «huyu amenielewa kuliko ninavyojieleza», mjue kijana ameanza nusu ya pili. Akileta kejeli, bado ni mapema, na mwaka mmoja wa kufanya kazi kidogo na kusoma usiku hautamdhuru.

Kuna hali ambayo barua haitoshi. Ubishi wa kijana mwenye afya una furaha ndani yake, anakula, anacheka, ana marafiki. Ukimwona amejifungia, halali, anaacha chakula, anasema maisha hayana maana au kwamba ingekuwa heri asingekuwapo, usilichukue kuwa jambo la vitabu wala usilimalize kwa maombi peke yake. Usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mpeleke kwa daktari. Hapa Lubumbashi wapo wanaotibu magonjwa ya akili. Vivyo hivyo, kama amekutana na mtu au kikundi kinachomtenga na nyumbani na kumdai fedha au siri, tafuta mtu mzima anayemheshimu akae naye ana kwa ana.

Kwa mambo ya masomo yenyewe, nendeni idara ya falsafa, Kitivo cha Lettres, msiishie kwa aparitora, ofisi ya usajili. Ombeni kuonana na mkuu wa idara au msaidizi wake. Ulizeni mwaka wa kwanza wanasoma matini yapi, na kama wanafunzi wanayasoma wenyewe au wanapewa silabu tu. Ulizeni mtihani ni wa kuandika hoja au wa kujaza majibu. Ombeni majina ya wawili waliomaliza karibuni, mkazungumze nao kuhusu kazi wanayofanya na walivyoipata. Nendeni watatu, kabla usajili haujafungwa, na mjomba awe wa kwanza kuuliza.